Siku Sita za Maji ya Ndimu

Papa Bauma tumemzika Alhamisi, upande wa Mugunga, kwa sababu njia ya kumrudisha kwao Masisi imefungwa na hakuna aliyethubutu kujaribu. Baada ya kaburi tulirudi kwake kula: maharagi, wali kidogo, chai ya maziwa. Nilikaa mkekani na wanawake, andazi mkononi, nikamsikia mama mmoja nisiyemjua akiwaambia wenzake huku akinionyesha kwa kidevu: "Huyu ndiye alikuwa anatembea nyumba kwa nyumba na muzee, anafundisha watu mambo ya maji bila kuogopa mutu. Iko na roho nguvu, huyu!" Wakanitazama kwa heshima. Nikaliweka andazi chini. Nilitabasamu kijinga, nikainuka kwenda kusaidia kuosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa. Roho nguvu! Mimi? Nje ya nyumba niliyokuwa nakaa wakati ule, Papa Bauma alikuwa mtu pekee aliyejua nilichofanya, na hakuwahi kumwambia yeyote. Sasa amekwenda nacho, na mimi nimebaki napokea sifa. Basi niandike mwenyewe kabla watu hawajanigeuza shujaa. Mimi ni mwoga. Nilikuwa mwoga nikiwa na miaka ishirini na miwili, na mwaka ule woga wangu ulibakiza kidogo tu kumnyang'anya mwanamke mtoto wake.

Nilikuwa nakaa Katoyi, mtaa wa Goma, chumba cha nyuma kwa Mama Georgine, mwanamke wa kanisa, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili. Nyumba ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi ya lava, na ukitembea ndani kwa viatu kila mtu alijua uko wapi. Mabati yalikuwa ya zamani, yaliokolewa mjini kwenye nyumba iliyoungua mlima ulipotema moto, yakapigiliwa upya na misumari juu ya matundu ya misumari mingine. Chini ya bati kulikuwa na mfereji, na chini ya mfereji pipa kubwa la mvua. Pipa lile ndilo lilikuwa uhai wetu. Ziwa ni kubwa, kila mtu analiona, lakini kulipandisha hadi Katoyi ni shughuli ya mgongo na bidoni, dumu la plastiki, kwa hiyo mvua ikinyesha tulishukuru Mungu na kusogeza ndoo. Nyuma ya ua alikaa fundi wa betri. Alikuwa akivunja betri za magari zilizokufa, anayeyusha risasi yake kwenye sufuria (naisema kile chuma laini, kizito, wala si ya bunduki) na kumimina vizito vya nyavu za sambaza, dagaa wa ziwa letu. Moshi wake ulipanda, ukatua juu ya bati letu. Na moshi wa mlima ukiegemea upande wetu, mvua ilishuka na ukali uliokula mabati mpaka yakaota vidonda. Nayaandika haya yote leo kwa mstari mmoja kana kwamba yalikuwa wazi. Wakati ule tulikuwa tunakunywa tu.

Ukuta kati ya chumba changu na saloni ulikuwa ubao mmoja, nyufa zake zimezibwa na karatasi za mifuko ya simenti. Nilisikia kila kitu. Nilimsikia Mama Georgine akisali, akikohoa, akimfundisha mkwewe kazi. Mkwe huyo ni Zawadi, msichana wa kutoka Rutshuru, karibu rika langu, mwenye maneno machache na mikono isiyotulia. Mume wake alikuwa safarini kwa biashara ya muda mrefu, akamwacha kwa mama yake na mimba, na mimba ikawa Neema. Zawadi ndiye aliyetupikia sote. Nilikuwa narudi jioni nimechoka, nakuta amenifunikia bugali na lengalenga kwenye sahani ya bati, na kipande cha samaki amekificha chini ya mboga ili Mama Georgine asikione. Hatukuwa tunaongea sana. Alikuwa ananifichia samaki, basi, na mimi nilidhani huo ni urafiki wa kutosha.

Mchana nilikuwa labo, yaani maabara. Vyumba viwili tu, dirisha moja, na Papa Bauma, fundi wa labo, mwembamba, koti lake la buluu limetoboka mfukoni kwa asidi. Nilikuwa mwanafunzi wake wa kazi za mikono. Yeye alikuwa na wazo moja maishani, na wazo hilo lilikuwa kutu. "Watu wanaitupa," alikuwa akisema, "wanaisugua, wanaitukana. Wajinga! Kutu ni chombo, binti yangu." Tulichukua mchanga wa ziwa, tukauosha mpaka maji yakatoka safi, tukauloweka kwenye maji yenye chumvi ya chuma, tukaongeza soda kali kidogo kidogo, tukaukausha kwenye tanuri. Kila punje ilitoka imevaa koti jekundu la kutu, oksidi ya chuma kwa lugha ya vitabu. Ukipitisha maji yenye risasi katika mchanga ule, risasi inabaki. Haizamishwi ndani kama maji kwenye sifongo, alinikataza kabisa kusema hivyo. Inashikwa juu, kwenye uso wa punje. "Kutu iko na mikono," alisema, akinyoosha vidole vyake vyembamba mbele ya macho yangu. "Mikono mingi, midogo, wewe hauioni. Risasi ikipita, inakamatwa." Niliandika kwenye daftari: mikono.

Siku moja nilimpelekea maji ya pipa letu ndani ya chupa ya soda, kwa kucheza tu, nataka kuona. Alimimina kwenye kikombe cha kioo, akatia siki kidogo, kisha matone ya dawa yake iliyonuka yai viza. Kanuni yake nilikuwa naijua: maji yakiwa na ukali kidogo, dawa ile haigombani na chuma cha kawaida, inagombana na risasi peke yake. Yakibaki maangavu, uko salama. Tulingoja. Maji yakaanza kuwa ya kahawia, polepole, kutoka chini. Papa Bauma akavuta kiti akakaa. "Munakunywa hii?" "Ndiyo, papa." "Na watoto?" "Iko mutoto moja. Mudogo." Aliniambia risasi inavyofanya kwa mtoto: haimuui mbele yako, inaingia kwenye mifupa na kwenye akili na kukaa humo kimya, na baada ya miaka hakuna wa kukuonyesha alama. Nilirudi nyumbani siku ile nikitembea upande wa jua, nina baridi.

Kwa hiyo nilileta chujio nyumbani. Ndoo mbili, moja juu ya nyingine, ya juu imejaa mchanga wetu mwekundu na robine, bomba dogo la kufungulia maji, chini. Mama Georgine alilipokea kama zawadi ya harusi, akaliweka saloni karibu na picha ya Bikira Maria, akaita majirani kuja kuliona. Ndoo ya chini ikaitwa ndoo ya Neema. Chujio lilitoa kidogo, kwa hiyo sisi wakubwa tukahamia maji ya ziwa yaliyochemshwa, lakini Zawadi alikuwa ameshikwa na homa kali hadi maziwa yakakauka, mtoto akawa wa biberoni, chupa ya kunyonyea, na biberoni ilikorogwa kwa maji ya ndoo ile tu. Kila wiki nilichukua kidogo kwenda kuyapima. Maangavu. Maangavu tena. Jamani, nilijisikia! Nilikuwa nikipita uani mwa fundi wa betri na moshi wake, nasema moyoni, choma tu, baba, sisi tuna mikono. Miezi ikapita hivyo, na miezi yote hiyo kutu ilikuwa inakusanya.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Ubatizo wa Neema uliwekwa Jumapili, na padri alikuwa aje kula nyumbani. Wiki nzima Mama Georgine alisugua. Alisugua sufuria kwa majivu, alisugua meza, alisugua shingo ya Neema mpaka mtoto akalia. Kwetu bidoni na ndoo za maji zinasuguliwa kwa kokoto za lava na ndimu. Kila msichana wa Goma amefanya hivyo tangu akiwa na miaka sita, unatia kokoto, unakamua ndimu, unatikisa, unasuuza, harufu inatoka na utelezi unatoka. Jumamosi asubuhi alisimama mbele ya chujio, mikono kiunoni. "Espe, hii kitu yako inanipa haya. Angalia ile kutu. Padri akiona, atasema nini? Mutoto anakunywa maji inatoka kwa uchafu?" Nilicheka. Naapa nilicheka. Nikasema, "Nitaisafisha, mama." Nikakaa uani na beseni, nikamwaga mchanga, nikakata ndimu nane, nikakamua zote, nikauponda kwa vidole mpaka mikwaruzo ikawasha. Mchanga ulipauka, maji ya beseni yakawa mekundu, nami nikafurahi kuona uchafu ukitoka. Mimi, mwanafunzi wa labo! Mkono ulikuwa umezoea kazi hiyo kabla sijajua kusoma, na mkono ukafanya. Nilirudisha mchanga kwenye ndoo ya juu na ndimu yake bado imo, nikapitisha bidoni moja ya maji kuusuuza. Maji yalishuka safi, hayana rangi hata kidogo. Nani Katoyi anamwaga maji safi? Nikayaacha kwenye ndoo ya Neema, nikaweka kifuniko. Mama Georgine akayaonja kwa kijiko. "Ii! Inasikilika ndimu. Muzuri."

Jumapili ilikuwa nzuri, na hilo pia linaniuma. Padri alikula kuku, akamsifu mpishi, na Mama Georgine akaitikia yeye. Neema alilala katika nguo nyeupe akipitishwa toka paja hadi paja. Jioni Zawadi alitazama biberoni kwenye mwanga, akaitikisa. "Maziwa inakatika," alisema. "Hii kopo imeharibika." Mama Georgine akajibu kutoka jikoni, "Kopo gani? Ni wewe haujuwe kukoroga." Zawadi akatia sukari zaidi. Mtoto akakunja uso, kisha akanywa, kwa sababu alikuwa na njaa. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, natafuna mfupa wa kuku.

Jumanne, labo, Papa Bauma aliamua kunifundisha jinsi ya kuhesabu kazi ya mchanga uliochoka. Aliweka kiganja cha mchanga wa zamani kwenye kikombe, akachukua asidi. "Wewe unafikiri risasi inabaki mule milele," alisema. "Hapana. Kutu inashika, haimezi. Ukileta ukali, mikono yote inakimbilia ule ukali. Inaachilia risasi." Akamimina, akachuja, akatia matone yake. Maji yakawa meusi kuliko nilivyowahi kuona. "Unaona? Kazi ya miezi inashuka mara moja. Na haihitaji asidi kubwa. Siki inaweza. Ata ndimu." Alikuwa anaongea huku ananipa mgongo, anaosha kikombe. Nilishika meza. Niliona beseni, niliona mikono yangu ndani ya beseni, niliona uso wa mtoto ukijikunja. "Uko sawa, binti?" "Tumbo, papa. Naomba ruhusa." Nikatoka na chupa ndogo ya matone ndani ya leso, na nilipofika barabarani nikakimbia, mimi na koti langu la labo, watu wakaniuliza kama vita vimefika.

Zawadi alikuwa uani anafua, Neema mgongoni. Ndoo ya Neema ilikuwa imebaki na maji ya vidole viwili. Niliyachota kwenye kikombe, nikajifungia chumbani, nikatia matone. Hata sikungoja. Yalipiga rangi papo hapo, kahawia nzito ya chai iliyochemka sana. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne: nilihesabu biberoni kwa vidole, vidole vikaisha. Nilitoka nikaenda kuyamwaga kwenye ufa wa lava nyuma ya choo. "Espe, unamwaga maji?" Zawadi aliuliza, povu hadi viwiko. "Mududu ilianguka," nilisema. Uongo wa kwanza ulitoka laini hivyo, bila kukwama. Siku hiyo hiyo niliutupa mchanga wote mbali, nikasugua ndoo, nikaleta mchanga mpya kutoka labo. Hatari imekwisha, nilijiambia. Sasa ni kunyamaza tu.

Jumatano Neema alitapika. Alhamisi alilia siku nzima, kilio kikavu, miguu imekunjwa tumboni, na tumbo lenyewe gumu kama ubao. Hakupata choo. Dispensari walimpa dawa ya minyoo. Nilikuwa nikirudi kutoka labo nasimama mlangoni kwanza, nasikiliza: akilia, damu inanikauka, akinyamaza, ni mbaya zaidi, naingia mbio kutazama kama anapumua. Usingizi ulinihama. Kula sikuweza, lakini nilikula, kwa sababu nikikataa wataniuliza. Na kupitia ubao nilisikia. "Mama gani haujuwe kulisha mutoto? Wengine wanakuwa na watano, wote wazima. Wewe moja tu!" Nilisikia kijiko cha Zawadi kikikoroga, kinakoroga, kinakoroga, muda mrefu kuliko maziwa yanavyohitaji. Alikuwa anajaribu kukoroga vizuri.

Ijumaa jirani mmoja alileta neno ambalo nilikuwa nalingoja kwa hofu. Karuho. Asiyekaa kwetu hajui neno hilo linavyoingia ndani ya nyumba. Ni sumu ya kutegewa mtu kwenye chakula au kinywaji, watu wanaisadiki kuliko malaria, na likishatamkwa, lazima apatikane aliyeitega. Nimeona mlango uliovunjwa kwa mawe kwa sababu ya neno hilo. Jirani alinong'ona saloni, Mama Georgine akajibu kwa sauti ya chini, yeye asiyejua sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Nani anashika biberoni? Ni yeye peke yake." Nilikaa kitandani na ngumi mdomoni. Nikisema ni mimi, nani atasikiliza habari za kutu na mikono yake? Watasikia kitu kimoja: msichana wa chumba cha nyuma alitia kitu kwenye maji ya mtoto. Na ndivyo ilivyokuwa! Nilitia. Jumamosi uamuzi ukatoka: Jumatatu asubuhi Mama Georgine atampeleka Neema mji wa Sake, kwa dada yake, ambako kuna mganga wa karuho anayejua kuwatapisha watoto kwa majani, na baada ya hapo mtoto atabaki kwa dada, kwenye maziwa ya ng'ombe. Zawadi atabaki Katoyi. "Mpaka lini, mama?" nilimsikia akiuliza. "Mpaka nitaona." Mtoto wa miezi saba aliyetapika siku nne, wakamtapishe tena kwa majani. Nilijua anaweza kufia njiani au mikononi mwa yule mtu. Nilijua, na Jumapili nikaenda misa, nikaimba.

Atakayesoma haya ataniuliza, niliwaza nini siku zile? Siwezi kujidai kwamba nilikuwa napima jambo, natafuta njia ya busara. Nilikuwa natumaini. Natumaini atapona usiku huu, natumaini mvua itakatiza njia ya Sake, natumaini Papa Bauma atagundua mwenyewe na kusema badala yangu. Kila asubuhi nilikuwa na sentensi yangu tayari, na kila asubuhi Zawadi alinipa chai, nami nikaimeza sentensi pamoja na chai. Woga haukunipigia kelele. Ulikuwa unaniambia kwa upole, subiri kidogo, na kidogo ikawa siku sita.

Jumatatu pikipiki ya mototaxi ilikuwa imeshafika, inanguruma nje ya ua. Mtoto amefungwa kwenye blanketi la njano, mgongoni kwa Mama Georgine. Zawadi alikuwa amesimama saloni ameshika kibunda cha nepi alichokifunga na kukifungua mara kadhaa, anakishika tu kana kwamba akikishika sana safari haitaanza. Mezani kulikuwa na sahani yangu ya maharagi ya asubuhi, imefunikwa. Niliona ile sahani. Nikasema, "Mama, musiende."

"Juu ya nini? Moto inangoja."

"Si karuho. Na si Zawadi. Ni maji. Ni mimi."

Sikumbuki nilivyoeleza. Niliyamwaga yote kwa fujo, ndimu, kutu, mikono, matone ya yai viza, fundi wa betri, na katikati nikaanza kulia kwa sauti mbaya. Mama Georgine alikaa polepole, akamtoa mtoto mgongoni, akamweka mapajani. Alikuwa ameshika kichwa cha Neema kwa mkono mzima. "Lakini Espe," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya mwanamke mzee, "ni mimi nilikutuma usafishe." Alikuwa ananipa mlango. Ningepita hapo, na hakuna ambaye angenilaumu. Tungelaumiana kidogo, tungelia, ingekwisha. Sijui nilipata wapi nguvu, labda zilikuwa zimebaki hizo tu. "Wewe haukujua, mama. Mimi nilijua."

Zawadi alikuwa hajasogea. "Ulijua tangu siku gani?"

"Jumanne."

Aliweka kibunda chini. Akamchukua Neema kutoka mapajani kwa mkwewe bila kuomba, akamweka begani, na kwa mkono ulio huru akahesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vyake: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, leo. "Siku sita," alisema. Hakupandisha sauti. "Siku sita unakula maharagi nimepika." Kisha akaenda mlangoni akamwambia kijana wa mototaxi arudi zake.

Mengine yalikuwa ya kawaida, ikiwa neno hilo lafaa. Papa Bauma nilimwambia asubuhi ile ile. Alivua miwani, akasema kosa ni lake kwa kumpa mtu chombo bila kumwambia kinavyogeuka, nikamwambia hapana, akasema nyamaza. Alitupeleka kwa daktari anayemwamini. Daktari alituambia ukweli: hapa hakuna mashine ya kupima damu ile. Aliandika dawa ya chuma, mayai, maziwa, mboga, na kwamba mtoto asionje tena maji yale. "Na tuangalie," akasema. Zawadi akamuuliza tuangalie nini. "Vile atakavyokua." Kutapika kulikoma wiki ile. Mama Georgine alinikataza kuhama, akasema nikiondoka majirani watatafuta sababu na watampata wa kumpiga. Kwa hiyo nilibaki mpaka mwaka ulipoisha, na ni kweli nilitembea Katoyi nyumba kwa nyumba na Papa Bauma, nikiwaambia akina mama wasiuguse mchanga mwekundu kwa ndimu, wala siki, na maji ya kwanza ya kusuuza wayamwage hata kama roho inauma. Wanawake waliniona jasiri. Zawadi aliendelea kunifunikia sahani, kwa sababu ni kazi yake. Samaki hakuwamo tena.

Neema alichelewa kusema. Watoto wengi wanachelewa. Mtoto wangu wa pili alichelewa zaidi, na alikunywa maji ya chupa. Shuleni Neema alirudia darasa moja. Wengi wanarudia, na mwaka ule shule ilifungwa mara ngapi? Leo ni mama mwenyewe, ana duka la vitenge, ana kicheko cha bibi yake, na hakuna mtu duniani anayeweza kuniambia ndio au hapana. Huwa tunakutana kwenye harusi na ubatizo, nyumba zetu hazikuachana. Anapenda kusimulia. Anasimulia vizuri, mikono hewani, watu wote wamemgeukia, na mara moja moja, katikati ya maneno, anasimama. Neno limempotea. Analitafuta, anapiga vidole, anacheka, "Ile kitu, jamani, inaitwa nini?" Wote wanamtazama wakimsaidia kutafuta. Zawadi peke yake hamtazami binti yake. Ananitazama mimi.